Amos Watatu wa Harrop Clough

Amos wa kwanza hakumsumbua Enid Catlow hata kidogo. Jiwe lake lilisema alizikwa mwaka 1911, na Alice, mtoto aliyekuwa akitafutiwa baba, alizaliwa miaka minane baada ya hapo. Enid akamvuka. Amos wa pili alikuwa karibu na lango, amezikwa 1925, na hapo moyo ulianza kumwenda mbio kama enzi zile alipokuwa sajenti wa upelelezi. Kisha, nyuma ya kanisa, kwenye nyasi ndefu zilizomlowesha hadi magotini, akakutana na Amos wa tatu. Huyu alizikwa 1926, na jiwe lake lilichongwa kile kidude cha wafumaji cha kupitishia uzi. Wote watatu walikuwa Heyworth.

"Mungu wangu," alisema Enid, "hawa watu hawakuwa na majina mengine?"

"Huku Heyworth ni kama mvua," alijibu Clement, mdhamini wa mwisho wa kanisa, aliyekuwa akimfuata na mwavuli wenye ubavu uliovunjika. "Mimi mwenyewe Heyworth. Mke wangu alikuwa Heyworth kabla hajaolewa na Heyworth. Ukitupa kokoto barabarani utampasua Heyworth, na daktari atakayemshona huenda akawa Heyworth pia."

"Na wewe unaona hilo ni jambo la kuchekesha."

"Mimi nina baridi, mama. Saa sita mchana naukabidhi ufunguo kwa mnunuzi wa kanisa, na baada ya hapo hazikwi mtu humu ndani, awe jivu au mzima mzima."

Alikuwa mtu wa makamo aliyestaafu kiwanda cha ndara, mwembamba, mwenye kushika sheria kama mkongojo. Sheria yenyewe aliirudia tangu walipofika asubuhi: kabla ya makabidhiano, majivu yanaweza kuingizwa katika kaburi la familia, ila jina la marehemu lilingane na jina la kwenye jiwe. Jina kwa jina. Asingeweza kumruhusu kila mtu anayekuja na mkebe.

Mkebe ulikuwa kwa Brenda Mottram, ndani ya mfuko wake wa sokoni wa miraba, na ndani ya mkebe alikuwa mama yake. Alice alifariki mwezi Machi, huko kusini, akiwa na miaka sitini na tisa. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kunyamaza. Alishona mapazia, akamlea binti mmoja, akamzika mume. Alipokuwa akikata roho aliomba jambo moja tu: azikwe na baba yake. Baba aliitwa Amos, na kijiji kiliitwa Harrop Clough, juu kabisa milimani Lancashire. Zaidi ya hayo hakujua mengi, kwa sababu alifiwa akiwa na miaka sita na kupelekwa kituo cha watoto yatima, na kituo hakikuwa na desturi ya kukumbusha.

Enid alipokea kazi hiyo akidhani ni ya siku chache. Cheti cha ndoa cha Alice kilimwandika baba yake kuwa Amos Heyworth, mfumaji, marehemu. Vizuri. Lakini cheti cha kuzaliwa cha Alice Heyworth hakikuonekana popote, na Enid alilisukuma hilo kando kwa kusema wafumaji wa zamani walikuwa wavivu wa kuandikisha watoto. Kitabu cha maziko cha kanisa nacho kilioza paa lilipovuja, kabla ya vita. Yalibaki mawe na midomo ya watu.

Akaitua chupa yake ya chai juu ya jiwe fupi lililokuwa kando ya bomba la maji ya maua, ajisugue mikono. Jiwe lilikuwa limezama ardhini hadi karibu nusu, limeota kuvu, na juu yake lilisomeka jina TATTERSALL tu, chini ya ua la yungiyungi lililochongwa na fundi asiyejua maua. Enid alinywa chai yake hapo, akiwa amelipa jiwe mgongo, akiwaza habari za Heyworth.

"Turudi kwa Amos wa lango," alisema.

Wakarudi. Brenda alisimama mbele ya jiwe, mfuko kifuani, maji yakimdondoka puani. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye tabia ya kuomba radhi hata kwa viti alivyovigonga. Enid akasoma kwa sauti: Amos Heyworth, 1925. Na Sarah, mkewe. Na Abel, mwana wao.

Brenda alitoa sauti kama mtu aliyekanyagwa.

"Abel! Bi Catlow, si nilikwambia? Siku zile za mwisho mama alikuwa akiwaita. Kila asubuhi, macho kayafumba. Alice, Amos, Sall, Abel. Hivyo hivyo, kwa mpangilio, kama anawaita watu waje mezani."

"Umeniambia." Enid akaligusa jina la Sarah. "Na Sall ni Sarah. Hakuna nyumba Lancashire ambayo Sarah hakuitwa Sall. Basi ndio hao: Alice mwenyewe, Amos baba, Sall mama, Abel kaka. Familia nzima."

"Familia nzima," alirudia Brenda, na akaanza kulia bila kujificha. "Pole, jamani. Samahani. Ni kwamba nilidhani alikuwa akiweweseka."

Hata Clement alilegea. Alikohoa, akasema jina ni Heyworth, jina kwa jina, yeye hana neno, na akaenda kutafuta koleo kwenye kibanda. Brenda alipiga goti nyasini na kuanza kufungua zipu ya mfuko. Enid alipaswa kufurahi. Badala yake alilisoma jiwe mara nyingine, kwa mazoea ya kazi, na mstari wa pili ukamsimamisha.

"Subiri," alisema. "Usifungue."

"Kuna nini?"

"Sarah amekufa 1948."

Brenda alimtazama bila kuelewa.

"Alice alipelekwa kituoni akiwa na miaka sita kwa kuwa hana baba wala mama. Huyu mama alikuwa hai miaka ishirini na kitu baada ya hapo, nyumbani kwake, na mwanawe wa kiume. Mama gani humtoa binti akambakiza mvulana, kisha asimwandikie hata salamu?"

"Labda... labda alikuwa maskini."

"Labda. Au labda mama yako anataka kulazwa na watu wasiomjua." Enid aliona uso wa Brenda ukikunjamana, akajilaumu kwa ukali wake, lakini hakuurudisha. "Niambie wewe. Nimtie hapa?"

Brenda alifunga zipu polepole.

Clement aliporudi na koleo alikuta koleo halitakiwi. Alitazama saa yake, akapiga ulimi. "Basi nendeni kwa Clara, nyumba ya mwisho pale kwenye mteremko. Ana miaka themanini na ushei, na hakuna aliyezaliwa wala kuzikwa huku bila yeye kutia neno. Lakini saa sita ni saa sita."

Njiani Enid alimpa Brenda masharti. Yeye ndiye atakayeuliza. Brenda akae, anywe chai, asitie neno. "Shahidi ukimwambia unachotafuta, anakukatia kipande kinacholingana nacho," alisema. "Nimeona watu wamefungwa kwa namna hiyo. Hatumwonyeshi karata zetu. Umenielewa?"

"Ndiyo, Bi Catlow. Samahani."

Clara alifungua mlango kabla hawajagonga. Alikuwa kibibi kifupi, kimekaza aproni kama askari, na macho yake yalimpita Enid moja kwa moja yakaenda kwa Brenda.

"Ingieni, mnaniingizia baridi. Na huyu ni wa nani?"

"Ni mteja wangu," alisema Enid haraka.

"Sikuuliza ni nani wako. Nimeuliza ni wa nani."

Brenda alifungua kinywa, akakumbuka masharti, akakifunga. Clara alimtazama kitambo kidogo zaidi kuliko adabu inavyoruhusu, kisha akawaketisha mbele ya moto wa makaa, akawamiminia chai nyeusi ti, na kuwakatia keki ya tangawizi iliyonata kwenye meno. Ng'ambo ya barabara, kwenye jengo la bati, bendi ya kijiji ilikuwa ikijiandaa kwa mashindano, na wimbo uleule wa kanisani ulianza, ukavurugika, ukaanza tena.

"Bibi Clara," alisema Enid, "nahitaji kujua kuhusu Amos Heyworth."

"Yupi?"

"Aliyezikwa langoni."

"Ah, Amos wa Dick. Mtu mzuri, mdomo mzito. Mkewe Sarah alikuwa na kiburi huyo! Ukimwita Sall anakuchapa kofi. Aliitwa Bi Amos hadi na paka wake."

Enid aliweka kikombe chini. "Hakuitwa Sall?"

"Nani amwite, ana meno mangapi?"

"Na watoto wao?"

"Abel peke yake. Alikuja baada ya kungojwa mno, wakamdekeza akawa mjinga. Alikwenda Kanada akarudi na kikohozi."

"Hawakuwa na binti?"

"Binti gani? Sarah hata kuku jike hakumpenda."

Brenda alitikisika kwenye kiti. Enid alimkata jicho, akaendelea, ingawa ndani alihisi ngazi aliyoipanda ikiondolewa chini ya miguu yake. Akauliza kuhusu wa nyuma ya kanisa, yule wa 1926.

"Amos Mguu," alisema Clara bila kusita. "Mguu mmoja mfupi. Hakuoa. Aliishi na dada yake mpaka kufa, na dada yake akambania chai mpaka kufa."

"Hakuwa na mtoto wa nje?"

"Binti yangu, alikuwa anaona haya kumwamkia ng'ombe."

"Basi kuna Amos Heyworth mwingine. Wa nne. Hana jiwe."

"Hayupo."

"Umri wako, Bibi, labda umesa..."

"Umri wangu ndio unaokunywesha chai hapa. Akina Amos wa Heyworth wa wakati huo walikuwa wawili na wote nimekupa. Kabla yao mzee mmoja, babu yao, simkumbuki. Hakuna Amos Heyworth yeyote wa Harrop aliyekuwa na binti. Andika hivyo, kama unaandika."

Enid hakuandika. Alishika tama. Katika miaka yake ya kazi alishapotea mara nyingi, lakini kwa kawaida alipotea kwa kukosa majibu. Hii ilikuwa mara ya kwanza kupotea kwa kupewa yote. Cheti kilisema Amos Heyworth. Kijiji kilisema Amos Heyworth hakuzaa binti. Alice hakuwa na cheti cha kuzaliwa, na sasa hakuwa na baba pia. Alianza kujiuliza kama mtoto yule alitoka kijiji kingine kabisa, kama Harrop Clough ilikuwa mahali alipowahi kupita tu, na kama Sall na Abel walikuwa wanasesere. Kila alichokishika kiligeuka ute wa yai mkononi.

"Umechoka, maskini," alisema Clara. "Kula keki."

"Sina hamu ya keki, Bibi, asante."

Hapo dirishani pakapita mtu. Alikuwa mwanamume mnene mwenye koti la mvua, anachelewa mazoezi, amekumbatia tarumbeta kubwa kuliko yote, lile la sauti nzito, mdomo wake ukitazama juu. Shaba yake ilimemeta kwenye mwanga ule hafifu. Ndani ya mdomo wa tarumbeta alikuwa ametia mkate wake na gazeti visilowe. Clara aliruka, akagonga kioo.

"Toa mkate humo! Shetani we! Hilo si kapu la sokoni!" Akageukia wageni. "Marehemu mume wangu alipiga tarumbeta hilo hilo, na hakuwahi kutia humo hata leso."

Brenda alikuwa amesimama. Chai ilikuwa imemwagika kwenye sketi yake na yeye hakuijali.

"Bakuli," alisema.

"Bi Mottram," alionya Enid.

"Hapana, samahani, siwezi. Lile ndilo bakuli! Bi Catlow, nilikwambia, na wewe ukasema labda ni la ubatizo. Bakuli la dhahabu la mama! Alikuwa akiniambia nilipokuwa mdogo: baba yangu alikuwa na bakuli la dhahabu, kubwa, nikiingiza kichwa ndani naona pua yangu pana kama ya nguruwe, halafu baba anaguna upande wa pili na dunia yote inatetemeka. Mimi nilidhani ni hadithi tu ya kulalia."

Ng'ambo bendi ilianza tena, na sauti nzito iliyokuwa ikikosekana ikaingia chini ya nyingine zote.

Enid aligeuka polepole kwa Clara. Swali lilikuwa rahisi mno hata aliona aibu kulitoa. "Kabla ya mumeo, Bibi, nani alipiga tarumbeta lile?"

"Kabla ya Harold? Amos."

"Amos yupi?" Sauti yake ilipasuka. "Umeniambia walikuwa wawili!"

"Akina Amos wa Heyworth walikuwa wawili. Umeniuliza Heyworth, nikakupa Heyworth. Huyu alikuwa Amos wa Sall."

"Sall gani?"

"Sall wa Abel. Abel wa kule juu, mchunga kondoo. Amos wa Sall wa Abel. Sasa ungetaka tuitane vipi, sote ukoo mmoja? Ukiita Heyworth barabarani, watoka watu hamsini na mbwa. Mtu huku ni wa fulani wa fulani, kwa mama au kwa baba. Mimi ni Clara wa Nell wa Reuben. Clem yule wa kanisani ni Clem wa Joe wa Betty, anajua vizuri, ila tangu apewe ufunguo anajifanya Bwana Heyworth."

Enid alikuwa amezaliwa maili chache tu chini ya bonde, mjini, ambako watu waliitwa kama walivyoandikwa. Alihesabu kwa vidole kama mtoto. Alice. Amos. Sall. Abel. Hawakuwa watu wanne wanaoitwa mezani. Alikuwa mtu mmoja, anajitaja jina lake kamili, kila asubuhi, asije akalisahau kabla hajafika.

"Alikuwa na binti," alisema Enid. Halikuwa swali.

Clara hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akimtazama Brenda, pua yake, mdomo wake, namna alivyosimama na kuomba radhi kwa sketi yake mwenyewe.

"Alice," alisema kibibi kile taratibu. "Mama yake alifia kitandani kwa kumzaa. Amos alimlea peke yake, anakwenda naye mazoezini kamfunga shuka mgongoni. Kisha kifua kikamchukua Amos, pamba ile, vumbi la kiwandani. Tulikuwa majirani, ukuta kwa ukuta. Mimi nilikuwa msichana, tayari nafanya kazi. Mama yangu angemchukua mtoto, ila sisi wenyewe tulilala watano kitanda kimoja. Akampeleka kituoni kwa mkono wake."

"Nani alisema ni Heyworth?" aliuliza Enid.

"Mama. Mlangoni walimwuliza, mtoto huyu jina la ukoo nani? Mama akasema ni Alice wa Amos wa Sall. Wakamwambia hilo si jina, wanataka la kuandika. Na mama hakulijua! Miaka yote ile kukopeshana sukari, hakulijua. Nani angelijua? Mtu wa mishahara kiwandani, labda, na polisi. Babu yake mzaa baba alitoka ng'ambo ya mlima, walikuwa na jina lao la huko. Wakamwambia bila jina hatumpokei. Kwa hiyo mama akawapa letu."

Brenda aliketi. "Lenu?"

"Heyworth. Hakuwa na jingine la kumpa."

Kwa wiki kadhaa Enid alikuwa akilifukua jina lile, kutoka cheti hadi jiwe, akilitafutia mzizi wa kale, na mzizi wenyewe ulikuwa mwanamke mmoja aliyechoka, mlangoni kwa watu, na mvua mgongoni. Hakujua acheke au alie, na kwa kuwa alikuwa kazini hakufanya lolote.

"Amezikwa wapi, Bibi?"

"Kando ya bomba. Bendi ilimchangia jiwe. Lilipochongwa ndipo tulipoliona jina lake, refu, limeshanitoka. Mama alilisoma akacheka mpaka akalia. Akataka kwenda kituoni wakalibadili, kisha akasema basi, mtoto ameshakuwa wetu."

"Tattersall," alisema Enid.

"Hilohilo! Umejuaje?"

Enid alikuwa ameshainuka. Alikuwa akikumbuka alipoitua chupa yake ya chai.

Clara alijifunga skafu kichwani, akakataa mkono wa mtu, na kuutanguliza mkongojo wake mlimani. Walipofika makaburini Clement alikuwa langoni, saa mkononi. Enid alimpita bila salamu, akaenda moja kwa moja hadi kwenye bomba, akapiga magoti kwenye matope na kuanza kukwangua kuvu kwa funguo za gari. Yungiyungi halikuwa yungiyungi. Petali yake pana ilikuwa mdomo wa tarumbeta, bua lilikuwa mabomba yaliyojipinda, na palipofanana na mbegu palikuwa vidude vitatu vya kubonyezea. Fundi alikuwa hodari. Kipofu alikuwa yeye. Kisha akachimba kwa vidole pale jiwe lilipozama, na herufi zikatokea moja moja kutoka udongoni: AMOS. 1925. Na Hannah, mkewe.

Brenda aliweka kiganja juu ya jina na kukiacha hapo.

"Nafurahi kwa ajili yenu," alisema Clement, na ilionekana anasema kweli, jambo lililomfanya awe mgumu zaidi. "Lakini mkebe umeandikwa Alice, aliyezaliwa Heyworth. Jiwe ni Tattersall. Kama ni Heyworth, nina Heyworth wa kutosha. Huyu siwezi. Nilisema jina kwa jina, na cheti hamna."

Enid aliyafuta matope kwenye funguo. Cheti cha kuzaliwa kingepatikana sasa, chini ya Tattersall, hilo alikuwa na hakika nalo. Angekipata Jumatatu ofisi zikifunguliwa. Leo ilikuwa Jumamosi. Barabarani gari jeupe lilikuwa likipanda mlima polepole, likitafuta pa kuegesha, na hakukuwa na mtu mwingine wa kuja Harrop Clough na gari jipya vile isipokuwa mnunuzi.

"Clem wa Joe wa Betty," alisema Clara.

Clement alinyooka kama mtoto wa shule. "Bi Clara, hapa niko kazini."

"Bibi yako Betty alimfunga Amos huyu kitambaa kidevuni alipokata roho. Je, alimdai cheti kwanza? Jina unataka? Muulize binti huyu jina. Lakini umuulize kwa adabu, kama tunavyouliza huku."

Clement alitazama gari. Alitazama ufunguo. Masikio yake yalikuwa mekundu kwa baridi au kwa kitu kingine. Kisha akavua kofia, akamgeukia Brenda Mottram aliyepiga magoti kwenye matope ya watu asiowajua, na akauliza kwa sauti ya chini, ile ya nyumbani:

"Wewe ni wa nani, binti?"

Brenda alifungua kinywa, akamtazama Enid. Safari hii Enid aliitikia kwa kichwa.

"Mimi ni Brenda," alisema. "Brenda wa Alice." Sauti ilimkatika, akaanza upya, na mara ya pili hakuomba radhi. "Brenda wa Alice wa Amos wa Sall wa Abel."

"Basi," alisema Clement. Akaitupa kofia yake nyasini na kwenda kuchukua koleo, na alipompita mnunuzi langoni alimwambia asubiri kwenye gari, kuna mtu anafika nyumbani.